Amplifaya za Gari la Mama Mkwe

Buti la gari lile lilikuwa limejaa sidiria. Kulikuwa na nyeupe, nyeusi na za rangi ya udongo, nyingine zimefungwa mafungu kwa kamba, nyingine zimetoka kwenye gunia lililopasuka na kuning'inia juu ya kiti cha nyuma. Mwenye karakana aliinua mlango wa nyuma, akatazama, akacheka, kisha akaniita. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya lori.

Sikujificha kwa sababu ya sidiria. Hizo nilikuwa bado sijaziona. Nilijificha kwa sababu ya mama aliyeshuka kwenye usukani. Nilimjua kwa mwendo, maana binti yake hutembea vile vile, bega moja likitangulia, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Binti huyo ndiye ninayetaka kumwoa. Muda mfupi kabla ya siku hiyo, wajomba zangu walikuwa wamepanda mlimani hadi nyumbani kwao, wakanywa chai, wakasema kilichowapeleka. Mama ni mjane, na jibu lilikuwa lake peke yake. Hakukubali na hakukataa. Aliwaambia, "Nimewasikia. Kwanza nitamwona huyo kijana mwenyewe, kwa macho yangu."

Basi alikuwa ameshuka Voi kuniona, na mimi nimechuchumaa nyuma ya tairi nikijifanya natafuta skrubu iliyoanguka.

Nimezaliwa Maungu, kwa Wakamba waliohamia huko zamani. Nyanya ndiye aliyenilea, na kuna mambo ya kale ambayo hajayaacha. Moja ni nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Kwa nyanya, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Haketi alipoketi. Hagusi nguo zake wala matandiko yake. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeiacha njia. Nyanya hupenda kusimulia jinsi babu alivyomwona mama mkwe wake akija kando ya shamba la mkonge, akaingia katikati ya mikonge na kutokea upande wa pili miguu ikivuja damu. Husimulia kwa fahari, kana kwamba babu alikuwa ametoka vitani.

Vijana wa rika langu hawana hayo. Wanawapa mama wakwe mkono na kupiga nao picha. Mimi ndiye niliyebaki nayo, na sijui kama ni kwa sababu ya nyanya au ni tabia yangu tu. Tangu shuleni nilikuwa yule asiyeinua mkono hata akilijua jibu. Nilipomaliza darasa la nane niliingia karakana, na nilichokipenda katika kazi ya kufunga muziki kwenye magari ni kwamba mtu huifanya akiwa ameinama, kichwa ndani, mgongo nje. Desturi ya nyanya ilinikaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo changu. Sikuwahi kujiuliza mtu wa upande wa pili anaionaje.

Nyumba ninayotaka kuoa ni ya Wataita. Heshima wanayo, lakini si ya kukimbiana. Kwao kijana mwenye adabu huja mbele, husalimia kwa sauti, na hupokea mzigo.

"We kijana!" mwenye karakana aliita tena. "Toka huko. Kuna mama hapa, na anasema hanitaki mimi. Anakutaka wewe."

"Nakuja."

"Unakuja kutoka wapi? Mombasa?"

Nikatoka. "Shikamoo, mama," nilisema, nikiiambia namba ya gari.

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

Akaeleza shida yake. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyelia sana. "Maungu, Rukanga, Mwatate, kila soko nauza kwa kelele. Sasa koo limekwisha. Daktari anasema ninyamaze. Nikinyamaza, nani atajua nimefika? Nataka gari liseme, mimi nipumzike."

Alikuwa na spika, honi ya kutangazia ya kufungwa juu ya paa, maikrofoni, na amplifaya mbili alizonunua Mombasa, moja ya muziki na nyingine ya sauti. Nilichotakiwa kufanya ni kutafuta mahali pa kuzifunga ndani ya buti.

Watu hudhani ugumu uko kwenye waya. Waya ni rahisi. Ugumu uko kwenye mahali. Amplifaya ikifanya kazi hupata moto, kwa hiyo inataka hewa. Haitaki vumbi, na njia ya Rukanga ina vumbi jekundu linaloingia kwa mlango wa nyuma hata uufunge vipi. Ukiiweka sakafuni, mzigo utaikalia. Ukiifunga mgongoni mwa kiti, kiti hakitalala tena. Ukiiweka juu ya gurudumu la akiba, siku ya pancha mwenye gari atakulaani akiwa jangwani. Ndiyo maana mwenye karakana alitufundisha tutoe kila kitu, tulitazame buti likiwa tupu, kisha tumwambie mwenye gari apakie kama anavyopakia siku zote, na tumuulize maswali.

"Toa tu, mwanangu," mama alisema. "Weka pale kwenye turubai."

Nilisimama na futi yangu ya kupimia mkononi. Najua ilikuwa bidhaa, mitumba iliyovaliwa na watu wa mbali tusiowajua. Lakini ilikuwa bidhaa yake, na ilikuwa ya aina ile. Nilimwona nyanya. Nilimwona babu ndani ya mikonge. Nikamsogelea mwenye karakana na kumnong'oneza, "Mwambie mama atoe mwenyewe."

Yule hana siri. "Mama, anasema utoe mwenyewe!"

"Kwani mzigo wangu una nini?"

Mwenye karakana alinitazama, mimi nikaitazama futi.

"Kijana, nazungumza na wewe."

"Ndiyo, mama."

"Basi nitazame."

Nilijaribu. Macho yalifika kwenye viatu vyake yakagoma. Vilikuwa viatu vya mpira, vya kahawia, vyenye udongo wa kwao pembeni. Viatu hivyo navikumbuka kuliko uso wake. Alingoja kidogo, kisha akasema anakwenda kunywa chai. Mwenye karakana naye aliitwa kwenye lori. Nikabaki na buti.

Sikutoa kitu. Nilitazama huku na huku, nikachukua ufagio, na kwa mpini wake nikaanza kuzisukuma nguo zile kuelekea kushoto. Nilisukuma magunia, nikaziinua zilizoning'inia kwa ncha ya mpini na kuzitupa juu ya magunia hayo, mpaka upande wa kulia ukawa wazi. Hapo ndipo nilipopima. Yaani mahali pa amplifaya pakachaguliwa na ufagio. Palikuwa chini, karibu na mlango, kwenye kona nyuma ya gurudumu. Nilijua kona ile haina hewa. Nilijua magunia yatarudi pale pale, maana mzigo wa buti hurudi kwenye nafasi kama maji. Hata hivyo nilikata ubao, nikaufunga, nikazikaza amplifaya juu yake, nikapitisha waya vizuri chini ya kapeti. Kwa macho ilipendeza.

Mama aliporudi aliijaribu maikrofoni. "Haya, haya." Sauti yake ya kukwaruza ilitoka kubwa hadi wenye bodaboda wakageuka, naye akacheka kidogo. Hapo nilipaswa kusema sentensi moja tu: Mama, usipange kitu upande huu. Niliisema. Niliisema nikiwa ndani ya gari, nikikusanya spana, kwa sauti ya kuiambia spana.

"Umesema?"

"Hakuna, mama."

Aliingia kwenye gari. Kabla hajaondoka alimwambia mwenye karakana, "Nilikuja kumwona mtu. Nimeona kisogo."

Jioni binti yake alinipigia simu. Yeye huwa anacheka kabla ya kusalimia. Siku hiyo hakucheka.

"Mama anasema unamdharau."

"Mimi?"

"Anasema hukumtazama hata mara moja. Anasema kazi yake umeiona uchafu. Alikuwa kwenye kibanda cha chai, ng'ambo tu ya barabara. Amekuona na ufagio."

Nilikumbuka nilivyoziinua zile nguo kwa ncha ya mpini, mkono nimeunyoosha mbali, kama mtu anayetoa nyoka nyumbani.

"Mimi hizo nguo zimenisomesha," alisema. "Zimenivisha. Sasa nielezee. Nikamwambie nini?"

Maelezo nilikuwa nayo. Nilitaka kumwambia kwamba nimemheshimu mama yake kupita kiasi, ndiyo maana nikamtukana. Lakini nikiyapanga hivyo, hata mimi niliyasikia kama uongo. Yeye ni Mtaita wa mlimani. Neno nthoni sikuwahi kumtajia. Niliona aibu kuwa na jambo la kizee namna hiyo.

"Sema basi."

Nilipumua tu. Akakata.

Maneno huniletea taabu hata kwenye karatasi. Naandika polepole, na neno likikataa nalingoja. Lakini karatasi hainingojei huku imenikazia macho.

Siku ya soko la Maungu mwenye karakana alinijia na simu mkononi. "Amplifaya zako zimezima. Mama yuko Maungu, hana sauti, na watu wamejaa. Amesema aende aliyezifunga. Na akasema, ukija au usipokuja, atajua wewe ni mtu gani."

Nilielewa maana yake. Nisipoenda, jibu lake kwa wajomba lingekuwa limepatikana. Nikienda, ningekwenda kuonekana mjinga nyumbani kwetu, mbele ya watu wanaonijua tangu nikitembea bila suruali. Nikachukua drili ya betri na mfuko wa spana, nikapanda bodaboda.

Gari lilikuwa kando ya barabara kuu, karibu na malori, mlango wa nyuma umeinuliwa. Kina mama walikuwa wamelizunguka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwavuli mkubwa, mkono kwenye koo. Binti yake alikuwa akipokea wateja, na aliponiona aliendelea kukunja nguo.

"Fundi amefika!" mmoja alipaza sauti. "Fundi anayeogopa sidiria!"

"Kaja na ufagio?"

"Mwacheni, labda ataazima wa kanisa."

Walicheka wote. Mama hakucheka. Alisema kwa ile sauti iliyobaki, "Ni ile kona. Tazama."

Sikuhitaji kutazama. Magunia yalikuwa yamerudi kulia kama nilivyojua, yameziegemea amplifaya, na kati ya nguo taa nyekundu ilikuwa ikiwaka, ile ya kuonyesha zimezima zenyewe kwa moto. Ili kuzifikia ilikuwa lazima nitoe mzigo wote. Mahali pa ufagio hapakuwepo tena.

Nyuma yangu, kati ya kina mama wale, wengi walikuwa Wakamba wa pale Maungu. Mmoja, anayeuza pojo, ni jirani ya nyanya. Wao walimjua huyu mama ni nani kwangu, habari za posa hazifichiki. Nikizigusa nguo zile kwa mikono, kwao nimevunja jambo ambalo babu alilivujia damu. Nisipozigusa, kwa mama nimemdharau mara ya pili, na mara hii mbele ya soko. Sikuona upande ambao ningesimama bila aibu. Nilitamani mikonge.

Niliweka drili chini. Nikaingiza mikono yote miwili, nikakumbatia gunia la kwanza lililopasuka, nikalitoa. Nguo zilining'inia kifuani mwangu. Nikaliweka kwenye turubai, nikarudi. Nikachukua fungu la pili.

Kicheko kilikatika. Nilidhani nimefanya vyema mpaka nilipogeuka na kuona kwa nini. Yule muuza pojo alikuwa ameutazama upande wa reli. Aliyekuwa karibu naye alikuwa amejifunika mdomo kwa leso. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wamenipa mgongo, kama watu wanavyogeuka mtu akivuliwa nguo njiani. Nilisimama na sidiria mikononi, na machozi yakanijia, na sikuwa na mkono mtupu wa kuyafuta.

"Mbona mnageuka?" mama aliuliza. "Nyinyi si ndio mlikuwa mkimcheka?"

Muuza pojo alijibu bila kugeuka. "Dada, wewe umemwona mkaidi. Huyu kwetu hatakiwi hata kukanyaga kivuli chako. Sasa amebeba hizo. Wewe hujui unamfanya nini."

"Ninamfanya nini?"

"Muulize mwenyewe."

Mama aliinuka. Niliviona viatu vya kahawia vikija na kusimama mbele yangu.

"Ni kweli?"

"Ndiyo, mama." Halafu maneno yakatoka, si kwa mpango wowote. "Hatutazami. Si dharau. Mama mkwe kwetu hatazamwi. Nyanya alisema... Ufagio ni kwa sababu ya mikono. Sikutaka mikono yangu..." Hapo yakaisha.

Binti yake alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Na hukuweza kusema?"

"Sikuweza, mama."

"Hata kwa huyu?"

"Hata kwake."

Mama alifungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni. Nilifikiri anataka kunipa nifute uso. Aliitandaza juu ya mzigo uliobaki ndani ya buti, akaingiza ncha zake pembeni mpaka hakuna kilichoonekana ila maua ya leso.

"Beba sasa," alisema, akarudi kwenye kiti, akakigeuza kuelekea barabarani.

Nikabeba. Kina mama wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye bidhaa zao. Buti lilipokuwa tupu niliona lilivyo, kwa mara ya kwanza. Nilizifungua amplifaya. Ziliunguza vidole kama sufuria.

Kisha nikafanya nililopaswa kulifanya Voi. Nilipiga magoti ndani ya gari, nikatazama sakafu, nikauliza kwa sauti ya kusikika.

"Mama, hiki kiti cha nyuma huwa unakilaza?"

"Nikitoka Mombasa na belo za mitumba, lazima kilale," alijibu akiyatazama malori.

"Magunia huwa yanakaa wapi?"

"Kulia na katikati."

"Na kushoto?"

"Kushoto ni kiti hiki na mwavuli. Nikifika sokoni hivyo ndivyo vinatoka kwanza."

Nilibaki nimeshika futi. Kushoto, ambako siku ile nilikuwa nimerundika kila kitu kwa ufagio, ndiko kunakobaki wazi kila mara gari linapozungumza. Barabarani kiti na mwavuli vingekuwa pale, lakini barabarani amplifaya zimelala. Swali moja tu lilitosha, nami nililizunguka kama nyumba yenye mbwa.

Nilizifunga kushoto, juu ya bati linalofunika gurudumu la nyuma ambako vumbi ni kidogo, zikiwa zimesimama ili moto upande juu, nikaweka chuma mbele yake kizuie mwavuli usizigonge. Binti yake alinishikia waya. Alikuwa akinikanyaga mguu kwa makusudi, kidogo kidogo, na hilo nililielewa.

"Tayari, mama."

Nilisikia kiti kikisogea. Nilikuwa bado ndani ya buti, nikikaza skrubu ya mwisho, alipoichukua maikrofoni. Kwa pembe ya jicho niliona mgongo wake. Alikuwa amenipa mgongo kabisa, kama wale kina mama.

"Haya, haya," honi ikasema juu ya paa. "Yule kijana aliye ndani ya gari, nazungumza naye nikiwa nimemgeuzia mgongo, asije akaumia. Awaambie wajomba zake warudi. Chai ipo. Na yeye aje. Akitaka kukaa nje chini ya dirisha akae, lakini aje. Haya kina mama, sidiria ziko hapa, vesti ziko hapa, chagua ukijipimia!"

Dereva wa lori mmoja akapiga honi. Mtu akapiga makofi, na muuza pojo akasema jambo kwa Kikamba ambalo siwezi kuliandika. Niliweka kiganja juu ya amplifaya kuona kama inapata moto. Ilikuwa baridi. Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yakiwaka.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilipoifunga honi ile sikufikiri inaelekea wapi, na kwa jinsi gari lilivyoegeshwa ilikuwa imeelekea nyumbani kwa nyanya. Niliendelea kuikaza ile skrubu, ingawa ilikuwa imekaza kitambo.